Kicheko cha Mama Riziki

Mpenzi shangazi yangu Mwanasha,

Laiti ungekuwepo jana hapa studio Ukunda. Ungejidai wewe!

Unaikumbuka harusi ya Riziki kule Tiwi? Simu zote zilikusanywa kikapuni mlangoni, kama ilivyo ada upande wa wanawake, ikabaki kamera yako peke yake. Stima ikapotea, ikawashwa kandili moja. Nikakuomba uwashe flashi, ukanikata jicho. "Niwashe wakumbuke kwamba nipo? Waache wacheze." Ukapiga hivyo hivyo gizani, na mama yake Riziki akacheka mdomo wazi, leso imemwanguka begani. Wallahi sijaona mtu mwingine mwenye subira ya kungojea kicheko.

Picha ilijaa chenga, zile nuktanukta zinazoletwa na giza. Riziki akanuna: "Bi Mwanasha, mbona kama imemwagiwa mchanga?"

"Mchanga utapatiwa dawa, mwanangu. Kicheko hiki cha mama yako utakipata wapi tena?" Ukaniamuru nisiifute.

Dawa imepatikana, shangazi. Mama Riziki amefariki, Mungu amrehemu, na Riziki akaja kuuliza kama picha ile ingalipo. Ndiyo pekee ambamo mamake anacheka. Nikaitia kwenye programu ya kompyuta inayosafisha chenga. Alaa! Leso ikatoka na maua yake, ukuta ukatakata, nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikautazama uso, makofi yakakoma. Vile vidoa vyake vyeusi vya mashavuni vilikuwa vimekwenda pamoja na chenga. Programu haikumjua mama wa watu, imemfanya mwanasesere wa dukani.

Nikaanza upya. Ukuta nikausafisha sana, uso nikaugusa kidogo tu, kidoa kwa kidoa, maana wewe ulinifundisha kumtazama mtu kwanza, picha baadaye. Chenga chache zimebaki na sikujali.

Jana Riziki alipoiona aliweka kidole kwenye lile shavu, akasema, "Shikamoo, mama." Nikatoka nje kulia.

Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia. Tangu tukuzike nimepekua kompyuta nzima, shangazi, sina picha yako hata moja. Siku zote ulikuwa nyuma ya kamera. Ningeipata hata iliyojaa chenga tupu, nisingeisafisha.

Basi nakuamkia huku huku kwenye barua. Shikamoo, shangazi.

Mtoto wa kaka yako