Nimefokewa Kapsoit

Mama yangu,

Umeamkaje huko Kisumu? Huku Kericho baridi inauma, lakini chai yao inaiweza.

Leo tulikuwa tunateremka kilima cha Kapsoit kwa baiskeli za mkono, zile za magurudumu matatu za sisi tusiotembea. Kona ya mwisho ilinishinda. Niliruka mtaro nikatua katikati ya chai ya watu, helmeti imejaa majani. Mama mmoja aliyekuwa akichuma akaja mbio. Nikajua ni zile “pole, maskini” zinakuja. Wapi!

“Wewe kijana, hukuona kona? Angalia vile umeniharibia chai!”

Alinifokea mpaka akachoka, ndipo akaninyanyua na kunipa hindi la kuchemsha.

Mama, nilicheka mpaka nikatoa machozi. Tangu niumie mgongo hakuna mtu amenigombeza. Hata wewe, na zamani sauti yako ilikuwa inafika kwa majirani.

Narudi Jumapili, magurudumu yamejaa matope. Nitapita nayo juu ya kapeti yako. Tafadhali, usininyamazie.

Mwanao anayekupenda sana,
Otieno