Arbre à Cames Yenye Ulichagua

Kolwezi, tarehe 2 mwezi wa tisa 2024

Mudogo yangu Hénock,

René tulimupoteza tarehe 9 ya mwezi wa nane, siku ya tano, saa kumi ya mangaribi, mu ajali ya motokari mbele kidogo ya Fungurume, pa kilima penye ba kamyo za shaba banapanda polepole. Naanza na ile juu ulikuya ku maziko, ulibeba sanduku pamoja na bengine, ulikula bukari, kiisha ukapanda bus mbele familia iketi na kuulizana.

Salamu njo hii: uko muzima? Batoto beko bazima? Fifi bibi yako, mugongo yake ilipona? Sisi tunapumua. Noëlla mudogo yetu anapumua, lakini hakuli. Nakuandikia ku karatasi na kuipatia shofere wa bus, juu ku telefone unaona ujumbe na unanyamaza. Karatasi utaipokea na mukono, na shofere ataniambia.

Familia ya René inasema Noëlla alimuloga bwana yake. Kabamba, kaka mukubwa ya René, alisimama mbele ya batu bote: "Miaka sita mudogo yangu alibeba batu ku ile route, hakuguswa. Mwezi moja bibi anagombana naye, anakufa. Mutuambie, ni nini?" Siku ya mposo, tarehe 28, kilio kinaisha, na bao batachukua funguo ya nyumba ya Kasulo. Unajua nini iko chini ya ile nyumba. Shimo ya kuchimba kobalti ya mu salon René aliifunga na beto ya simenti, lakini Kabamba hajasahau mahali iko.

Sababu ya ile kifo haiko mu chumba ya Noëlla. Iko ndani ya moteri, na we unaijua. Utakuya kuisema?

Yaya yako,
Mado


Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa tisa

Yaya Mado wa heshima,

Nakusalimu sana, we na garage yako, na Noëlla, na hata Kabamba. Huku tuko bazima kwa neema ya Mungu. Mugongo ya Fifi ingali inamutesa, lakini mudomo yake haiumwi hata kidogo.

Yaya, barua yako ilinichoma. René alikuwa rafiki yangu mbele akuwe shemeki yangu. Lakini tusitafute sababu mu chuma. Zile arbre à cames, zile chuma mbili nilimufungia mu moteri, ni muzuri. Huku Stany anashindana nazo mbio ya motokari kila mwezi, na anashinda. René alipenda mbio, na we mwenyewe ulikuwa unamugombeza juu ya ile. Polisi haikuandika neno hata moja juu ya moteri. Mutu anaandikiwaka siku yake, Yaya.

Nilituma mufuko ya bunga na bidon ya mafuta kwa Noëlla, muulize ku agence ya bus. Mungu njo anatoa, yeye njo anatwaa.

Mudogo yako,
Hénock


Kolwezi, tarehe 13 mwezi wa tisa

Mudogo yangu,

Tuko. Fifi afunge mugongo na kitambaa ya moto kila mangaribi. Bunga ilifika, Noëlla aliipatia jirani.

Moteri ya Stany haina turbo. Ungeandika na ile. Stany anaanza pa mizunguko elfu tano, anamaliza pa elfu nane, mu kiwanja yenye hakuna kamyo mbele.

Nikuambie kile unajua, siku moja usiseme sikukuambia. Arbre à cames njo inaamuru supapi, ile milango ya hewa na ya moshi, saa ya kufunguka na saa ya kufungika. Kwa moteri bila turbo, ukiacha ya kuingiza hewa na ya kutosha moshi wazi pamoja muda murefu, kule juu inavuta hewa muzuri. Kwa turbo ndogo kama ile ya René, moshi yenye kutoka iko na nguvu kupita hewa yenye kuingia. Ukiacha milango mbili wazi, moshi inarudi ndani, moteri inakula moshi yake yenyewe. Mi nilikuomba arbre za degré 256. Uliweka 288, zenye kuacha milango wazi muda murefu kupita.

Na juu ya nini? Juu ya ndoa ya Merdi, kijana wa jirani. Juu motokari ikisimama pa ralanti, moteri inawaka bila kwenda, inapiga tu-tu, tu-tu, sawa ngoma, na batu banapanga musitari kandokando ya cortège ya ndoa kuisikiliza. Mi nilikuwa Musumba ku kilio ya tantine Mushiya. Wakati nilirudia, niliisikia tangu mwisho wa barabara. Nikamuambia René: "Hii ni ya ndoa. Ku route usiende nayo, ngoja nikubadirishie."

Akacheka. "Yaya, ni motokari gani ingine mu Kolwezi inaimba hivi?"

"Kuku nayo inaimba mbele ya kisu."

"Basi unichinje siku ya kwanza ya juma. Leo niko na batu bane ba kupeleka Likasi."

Ningemubadirishia na nini? Arbre za zamani ulizibeba Lubumbashi. Kila wiki uliniambia ziko mu bus.

Zamani René alikuwa akikanyaga mu vitesi ya ine, gia yake ya kupita ba kamyo, pa mizunguko elfu mbili na mia nane, turbo inamusukuma palepale. Kisha mukono yako kupita, ilikuwa inalala mupaka elfu ine na mia tatu. Nilipima: kutoka mbio ya makumi nane mupaka mia moja na kumi, zamani sekunde tano. Na zako, kumi na moja. Sekunde sita za kuzidi, Hénock, akipita kamyo moja, yeye na kamyo ingine yenye kutoka mbele banakaribiana: ni mita mia mbili na makumi tano. René alipiga hesabu sawa vile alikuwa anapiga miaka sita. Mikono yake ilikuwa inajua moteri yenye haikuwa tena mule.

Hakulogwa. Alikosa mita.

Na kitu ingine. Kisha mi kumukataza, alikuita ku telefone. Noëlla alikuwa anakaanga samaki, aliwasikia bote babili. We uandike hapa, na mukono yako: ulimuambia nini?

Yaya yako,
Mado


Lubumbashi, tarehe 20 mwezi wa tisa

Yaya,

Nakusalimu.

Nilimuambia: "Yaya Mado anaogopa makelele. We tembea, utaizoea." Nimeandika. Moyo yako imetulia?

Kusema mbele ya Kabamba ni kitu ingine. Atasema mi njo muuaji. Batakuya kuvunja magasin yangu ya vipande ya motokari, na kila mutu alinunua arbre kwangu atazileta na kuzitupa pa mulango. Niko na batoto batatu. Noëlla akuye kwetu na mutoto, tuko na chumba ya nyuma, atakula chenye tunakula. Kabamba abaki na shimo yake.

Arbre za zamani ziko hapa, nazituma. Hii barua uichome.

Mutoto wa mama yako,
Hénock


Kolwezi, tarehe 24 mwezi wa tisa

Mutoto wa mama,

Salamu kwa Fifi na kwa bale batoto batatu. Huku vumbi imezidi, mvua inatuchelewesha.

Arbre za zamani zilifika jana, safi, na mafuta yake. Moteri ya kuziweka haiko.

Barua yako sikuichoma, lakini pale haitasaidia. Kabamba atasema mi njo niliiandika. Nilikwisha kujaribu: nilitosha zile 288 mu motokari yenye kuvunjika, nikazibeba mupaka kwake, nikaziweka pa meza, nikaeleza. Alizigeuzageuza. "Mama wa garage, hii ni chuma. Chuma haigombanake na bwana yake." Bengine bakacheka. Pale mi ni yaya ya mwenye kushitakiwa, neno yangu inahesabiwa zéro. Neno ya mwanaume mwenye alichagua, akisimama mwenyewe na kujishitaki, ile hakuna mutu anaweza kuicheka.

Noëlla anasema aksanti kwa chumba ya nyuma, na hapana. Akitoka mu ile nyumba na jina ya mulozi, ile jina itapanda naye mu bus. Itafuata Abigaëlle mutoto wake ku masomo, na siku batu batakuya kumuposa, itakuwa ya kwanza kuketi. Magasin yenye kuvunjwa inajengwaka tena.

Bus ya siku ya tano, tarehe 27, inatoka kwenu saa kumi na mbili ya asubui. Nilikukamatia nafasi ya dirisha, upande wa kilima ya Fungurume. Kabamba na batu bake banaketi kesho yake, saa tatu.

Bunga, hapana. Stany, hapana. Mungu umuache pembeni, hakukutuma kununua 288. Nataka neno moja: unakuya kusimama na kusema "mi njo nilichagua", ao haukuyi? Andika ndiyo ao hapana, upatie shofere wa siku ya ine, tarehe 26, mbele ya saa sita ya muchana. Ulitaka moteri isikilike tangu mwisho wa barabara. Sasa tunataka kukusikia we.

Yaya yako, mupaka siku ya ine saa sita,
Mado