Maji ya Kusukumia Tonge

Mdogo wangu daktari,

Sisi wazima. Bomba la jikoni limetengenezwa, na mama bado anawatambia majirani kuwa mwanawe anaandika tasnifu ya choo kigumu cha watoto. Sijamwambia kwamba umebadili mada.

Wewe usinifanye mtoto. Mada ile ulituimbia mwaka mzima, na msimamizi wako alishaikubali. Ukaja nyumbani, ukala nasi mara moja tu, ukarudi chuoni, na sasa eti unachunguza saratani ya umio, hiyo njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Eti msimamizi ndiye aliyekushauri! Nilikuona mezani. Chakula chako kilipoa ukitazama upande wetu, kisha ukauliza kama mzaha, "Mbona kila tonge na maji?" Mama akacheka, akasema ni uzee.

Dalili ya mvua ni mawingu, ndugu yangu. Tulikaa bega kwa bega, mimi na mama, na sote wawili tulikuwa tunasukumia tonge kwa maji.

Ulikuwa unamtazama nani?

Dada yako