Izamishe Kwanza

Jumamosi, 8 Juni 1974

Jivraj anaondoka kweli. Si maneno ya sokoni tena, kaniambia mwenyewe dukani kwake huku anapanga vyombo kwenye sanduku la chai. Nyumba ya ghorofa serikali ilishaichukua, rafu za duka zimebaki vumbi na kiberiti, na binti yake Parin yuko Kanada anamwita kila siku. Wanapanda treni mwezi ujao.

Kisha akasema: Silasi, zile boti zangu mbili pale bwawa la Igombe siwezi kuzibeba. Moja chukua wewe, bei isikutishe. Chagua, mpya au ya zamani.

Chagua! Mimi! Miaka kumi na minane, kila Jumapili baada ya ibada, nimekaa mbele kwenye boti za watu. Nilianza na Mwingereza wa reli, akaja Mgiriki wa tumbaku, akaja Jivraj. "Silasi, kamba!" "Silasi, kopo, maji yanaingia!" "Silasi, shuka usukume!" Matope mpaka magotini, wao wamevaa kaptura nyeupe. Usukani sijashika hata siku moja. Walikuwa wakienda kunywa chai ndiyo naachiwa boti, na boti imefungwa gatini.

Leo naambiwa nichague. Nimerudi kazini, stoo ya reli, sikumbuki nimepita njia gani.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kuziangalia. Zote ziko bandani, chini ya bati. Tangu achukuliwe nyumba Jivraj hajagusa maji.

Mpya inaitwa Parin, jina la binti. Ya buluu, ya ile plastiki ngumu, injini nyuma, viti vya mito. Inang'aa kama sahani ya harusi. Ya zamani ni Bachubai, jina la mama yake Jivraj, marehemu. Mninga mtupu, fundi Kalasinga aliijenga hapahapa Tabora enzi za Mwingereza. Ina mlingoti na tanga. Imekauka, maskini, katikati ya mbao unapitisha ukucha.

Asiyeijua ataikimbia. Mimi naijua. Kila mwaka ikishakaa juani tuliizamisha kwanza! Unaisukuma mpaka maji ya kifuani, unaijaza mawe, unaiacha imezama pale siku kadhaa. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinafunga zenyewe. Ukiitoa hapo haiingizi hata tone. Jivraj alikuwa anakaa kivulini na mimi nabeba mawe.

Nimekwisha chagua. Nataka Bachubai. Nataka nikae nyuma, usukani mkononi, upepo wa Julai unavuta tanga, na mbele pale asiwepo mtu wa kuambiwa "kamba". Mara moja tu ingenitosha.

Mke wangu Bertila hataki. Anasema mwanaume wa umri wangu bado anataka kuvuta makamba, na mpya ipo na mito yake? Kanisani wataona nini? Nikamwambia kanisani hatuendi kwa boti. Kanuna. Chai leo haikuwa na sukari, na sukari ipo, nimeiona.

Jumatano, 12 Juni

Habari zimefika stesheni. Nani kasema sijui. Bertila huyo.

Nassibu ndiye kaanza. Huyu ni karani wa mizigo, Mzaramo, mtani wangu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanapokezana mizigo ya wenyewe kutoka pwani, kwa hiyo Nassibu ana ruhusa ya kuniita mpagazi mbele ya bwana stesheni, nami sina ruhusa ya kununa. Leo kasimama kwenye jukwaa la abiria, kapaza sauti: njooni mmwone mpagazi, ameletewa bibi na mjukuu achague, yeye anang'ang'ania bibi! Anataka kumwoa ajuza!

Watu wakaangua kicheko. Masolwa, mwenzangu wa stoo, nusura aangushe ndoo ya grisi. Nikamjibu Nassibu kwamba heri ajuza wa mninga kuliko mla nazi aliyeoza meno. Nami nikacheka. Ulitaka nifanyeje?

Katibu wa tawi la chama naye kaniita pembeni. Ndugu, boti ni ya starehe hiyo? Nikasema ya kuvulia samaki. Akaniangalia sana.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda dukani kumwambia Jivraj uamuzi wangu. Nimemkuta Nassibu! Kafuata masufuria ya bei ya kuondoka. Duka limejaa watu, kila mmoja anabeba cha kwake.

Sijafungua mdomo, Nassibu kadakia: umechelewa, mpagazi, yule ajuza nimeshamchukua mimi! Wewe kambebe Parin mgongoni!

Nikamjibu kama mtani anavyojibiwa: mchukue! Mchukue na kitanda chake, mkazeeke wote!

Duka zima likacheka. Jivraj alicheka mpaka akafuta machozi, nilifurahi kumwona anacheka, siku hizi hacheki. Lakini kwa zogo lile la watu nikashindwa kusema la maana. Nitarudi wiki ijayo pametulia.

Jumanne, 18 Juni

Amempa Nassibu.

Amempa Nassibu! Nimefika, Jivraj ananiambia, ah, Silasi, Bachubai amekwisha kwenda, Nassibu amelipa jana. Nikasema lakini mimi ndiye! Akashangaa, akashangaa kweli, mzee wa watu: wewe si ulisema mchukue? Mbele yangu? Nikasema ule ulikuwa utani, Bwana Jivraj! Akashika kichwa. Akasema, nimezaliwa Tabora, nimewaona ninyi maisha yangu yote, mtani akichukua kitu si kimekwenda? Kuku akichukua si amekwenda? Nilidhani ndivyo mlivyo.

Na ni kweli! Ndilo linaloniua. Ndivyo tulivyo. Mhindi amejua desturi yetu vizuri kupita kiasi.

Nikamfuata Nassibu ofisini kwa mizigo. Nikamwambia, mtani, tuache mzaha, ile boti naitaka. Akacheka. Kadiri nilivyokaza uso ndivyo alivyocheka. "Umenipa mwenyewe, na kitanda chake! Nina mashahidi!" Wapagazi wa stesheni wakapiga makofi. Nikasema Nassibu, sitanii. Akasema naye hatanii, ndiyo maana kalipa. Wakacheka tena.

Masolwa akanivuta mkono. Silasi, mtani hakasirikiwi, ukikasirika utatozwa mbuzi na jina litakukaa mpaka kaburini. Nikacheka. Meno yote nje. Nimerudi nyumbani taya zinauma.

Yeye hata hajui tanga lina pande ngapi! Kaitakia nini? Kaitaka kwa sababu niliitaka.

Alhamisi, 20 Juni

Nimechukua Parin. Bertila kafurahi. Chai ilikuwa na sukari.

Jumapili, 23 Juni

Petroli nimeipata kwa kubembeleza. Injini imewaka mara moja, kelele, ndege wote wakaruka. Nikashika usukani, kumbe wenyewe ni mkono wa injini tu, unatetemeka mpaka mabega. Katikati ya bwawa ikazima. Nikavuta kamba ya kuwashia. Nikavuta. Miaka kumi na minane ya kamba, na leo nimejinunulia kamba yangu mwenyewe!

Nimerudi napiga ubao wa kiti kama kasia. Nassibu alikuwa ukingoni anapiga makofi. Plagi, wanasema. Plagi za injini ile hapa Tabora hakuna, labda Mwanza, labda hakuna nchi nzima.

Jumatatu, 1 Julai

Nassibu katangaza. Sabasaba ataishusha Bachubai, watu waje wamwone mtu wa pwani. Mtu wa pwani! Kwao ni Kisarawe milimani, bahari kaiona ana ndevu.

Alisema hayo saa ya treni, jukwaa limejaa. Nikaikumbuka ile boti ilivyokauka, nyufa zile. Kabla sijafikiri nikamwambia:

"Izamishe kwanza."

Halafu, mama yangu! Kicheko! Nassibu akashika mbavu: mnamsikia? Mpagazi ananiambia nizamishe boti yangu! Wivu umemtoka mdomoni! Bwana stesheni mwenyewe alicheka. Mama mmoja wa Nzega mwenye kapu la kuku kacheka, na wala hajui sisi ni nani.

Ningeweza kueleza. Mbao hukunywa, Nassibu, zikivimba zinafunga. Maneno machache tu. Lakini nilimwangalia anavyocheka na boti yangu, nikaona basi. Na nikieleza, nani ataamini? Mtani hashauri. Mtani akikwambia kuna nyoka unakaa palepale.

Nikarudi stoo.

Ijumaa, 5 Julai

Jivraj na mkewe wamepanda treni. Alinishika mkono dirishani, akasema samahani kwa Bachubai. Nikasema si neno. Alitaka kuongeza kitu, filimbi ikalia. Sasa hapa Tabora anayejua boti ile inavyotakiwa nimebaki peke yangu.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemwambia Bertila habari ya nyufa. Nilikuwa nasema tu. Akaacha kumenya ndizi. Akasema, nenda kamwambie. Nikasema nimemwambia, kacheka. Akasema, umemwambia kwa utani, nenda kamwambie kwa kweli, au nimwambie mkewe. Nikamkataza. Nikasema hili ni letu wanaume, nakwenda mwenyewe.

Nimekwenda. Nilifika mpaka kwenye ua wake. Kulikuwa na wageni, mkewe anapika pilau ya kesho, harufu mpaka barabarani. Nassibu akaniona, akapaza: "Mpagazi huyo! Amekuja kumlilia ajuza wake!" Wakageuka wote.

Nikageuza.

Bertila kaniuliza, umemwambia? Nikasema ndiyo.

Jumapili, 7 Julai — Sabasaba



Watu walikuwa wengi bwawani, kanga za sherehe, ngoma, watoto. Upepo tangu asubuhi. Nilikuwa na Parin yangu ukingoni, nimekuja nayo kwa aibu tu, Bertila kataka tuonekane. Nassibu akaishusha Bachubai pale pasipo matete, wanne wakaisukuma. Akapanda peke yake, kofia kichwani. Tanga likajaa na boti ikaondoka mbio. Ilikuwa inakwenda vizuri! Alikaa nyuma, usukani mkononi, mahali pangu hasa.

Ilipofika mbali nikaona imekuwa nzito. Naijua. Ikikaa vile imekunywa. Nikaona anainama, anamwaga maji kwa mikono. Kopo hana. Halafu akasimama, akainua mikono yote miwili, na sauti ikaja na upepo, vizuri kabisa:

"Mtani! Mtani! Inazama!"

Ukingo mzima ukacheka. Jamani, ameizamisha! Ametii amri ya mpagazi! Masolwa akanipiga mgongoni. Mke wa Nassibu anacheka na mwiko mkononi.

Nami nilicheka. Wao walicheka kwa kutojua. Mimi nilicheka najua.

Si muda mrefu. Nilipoacha nikakimbilia Parin, nikavuta kamba. Watu wakaona ni sehemu ya mchezo, wakahesabu kwa sauti kila nilipovuta, wengine wakapiga ngoma kufuatisha. Nikavuta mpaka viganja vikachanika. Nilipoinua macho mlingoti ulikuwa umelala. Kofia niliiona. Nikapiga makelele si utani, si utani jamani! Wakacheka zaidi.

Tulitoka na ubao wa kiti, mimi na Masolwa, upepo unatusukuma kando. Kulipofika giza tukarudi.

Jumatatu, 8 Julai

Sijakwenda kazini. Wavuvi wamemwona Bachubai upande wa pili, kwenye matete. Hakuzama mpaka chini, mninga ule. Amejaa maji mpaka ukingoni, mbao zimevimba, zimefunga. Mvuvi anasema wamejaribu kuyamwaga yale maji na haiingizi tena hata tone. Nzima kabisa, anasema, bahati kubwa.

Nassibu hayupo. Wanatafuta kwenye matete.

Bertila hajasema nami tangu jana. Ameuliza kitu kimoja tu: ulimwambia kweli? Nikasema nilimwambia aizamishe kwanza. Akaingia ndani.

Masolwa kaja sasa hivi. Amesimama mlangoni, hajavua kofia, hataki kukaa. Anatoka nyumbani kwa Nassibu. Watu wamejaa uani, wanawake wameanza kulia, lakini mkewe anawakataza. Anasema wanamletea uchuro bure. Anawajua watani wale wawili, wamepanga hili tangu siku ile ya jukwaani, izamishe kwanza, watu wote si walisikia? Pilau ameiacha jikoni imefunikwa. Amemtuma Masolwa aje aniambie mwenyewe: basi, mtani, utani umetosha, watoto wameanza kuogopa. Mtoe ulikomficha.

Masolwa ananiangalia. Anangoja nicheke.