Kura ya Mfuga Nyuki

3 Februari

Ndugu Mwokaji,

Salamu kutoka mlimani. Kikohozi chako vipi? Mguu wangu bado uko kwenye plasta, nyuki nawasimamia kwa maneno tu.

Kwa kuwa siwezi kushuka monasterini kwa uchaguzi wa Abate, mkuu wa nyumba yetu, nakutumia kura yangu kwenye bahasha. Mkabidhi Ndugu Katibu. Nimemwandika Priori, wewe sikufichi kitu tangu tulipovaa kanzu siku moja. Mzee wa watu, cheo chake maana yake ni wa kwanza, na miaka ishirini anakaa kiti cha pili! Awe Abate sasa. Unakumbuka mlezi wetu alivyotufundisha? Neno hilo limetoka kwenye lugha ya nyumbani kwa Yesu, abba, mtoto anavyomwita baba yake. Priori tayari tunampenda hivyo.

Ndugu yako,
Mfuga Nyuki

26 Februari

Mwanangu mpendwa,

Naamini unapata nafuu. Kikohozi kimekwisha, usingizi ndio haba. Wamenichagua mimi, kura kumi na moja kwa kumi za Priori. Sikutegemea. Itabidi uzoee kuniita Baba, na usicheke. Nakutumia mikate miwili.

Baba yako,
Abate

9 Aprili

Ndugu,

Natumaini hujambo. Natembea kwa mkongojo. Juzi Ndugu Katibu alipita hapa, akaniuliza mbona sikupiga kura. Nakuuliza wewe kwanza. Kwa kura yangu mngelingana, mngerudia uchaguzi. Bahasha iko wapi?

Ndugu yako,
Mfuga Nyuki

20 Aprili

Mwanangu,

Pole na mguu. Sitakudanganya. Asubuhi ile nilisikia jina langu likinong'onwa mezani, na bahasha ilikuwa kwenye aproni yangu. Nikasema nitaitoa baadaye. Jioni nikaitia kwenye tanuri. Sasa nyumba imetulia. Ukifungua mdomo itagawanyika. Kama baba yako, nakuagiza unyamaze.

Baba yako,
Abate

2 Juni

Abate,

Nakusalimu. Mguu umepona.

Nitanyamaza, maana utii niliuapa. Lakini umeniumiza, na ninataka ujue. Angekuwa mwingine ningeshasamehe. Wewe nilikupa bahasha ile bila kufikiri mara mbili, na jina la ndani nikakutajia mwenyewe.

Mbele ya ndugu nitakuita kwa cheo chako. Lile neno la mtoto nyumbani usilitegemee kwangu. Baba yangu mzazi alikuwa mlevi wa kupindukia. Hata hivyo, kila aliponidhulumu, alinidhulumu nikimwangalia.

Mfuga Nyuki