Bastola ya Saba

Malaz, Riyadh
2 Novemba 2018

Dada mpendwa Serah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Natumai u mzima na mgongo umeacha kukusumbua baada ya zile zamu zako za wodini. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kuhusu maombi usiniulize maana jibu unalijua. Najua utacheka kwamba naandika barua pepe ndefu wakati dunia nzima inatumiana sauti kwenye simu. Mimi ni fundi saa, nikiongea haraka naharibu.

Nina habari. Unamkumbuka kafili wangu, Mzee Abu Faris mwenye duka la saa, aliyenidhamini kuja kufanya kazi huku? Juzi aliniita nyumbani kwake nimtengenezee saa ya ukutani. Nilipomaliza akafungua sanduku la mbao. Ndani, juu ya kitambaa cha kijani, mna bastola saba, kila moja unaweza kuifunika kwa kiganja. Za Ubelgiji, Ujerumani, Uhispania, zote zimempita baba yetu kwa umri. Mzee alikuwa afisa wa jeshi, amezikusanya miaka arobaini. Mbili zilikuwa zimekwama, akanipa nizifungue. Serah, humo ndani mna springi ndogo kabisa, karibu sawa na za saa ya mkononi! Nilikaa nazo muda wa saa nne wala sikuhisi njaa.

Leo amenipeleka shambani kwake nje ya mji tukapiga makopo ya maharagwe, hatua kumi. Usifikirie mlio wa sinema. Inalia kama ubao uliopasuka, na inarukaruka mkononi kidogo tu. Lakini mtutu ni mfupi mno, ukitetemeka kidogo risasi inakwenda kwa jirani. Nilikosa mara kumi na moja mfululizo. Mzee, na miaka yake themanini, mkono mmoja mfukoni, hakukosa hata kopo moja.

Niliyoipenda ni ya Ubelgiji, ya mwaka 1912, nyeusi, imepauka upande mmoja pale walipoishika watu miaka yote hiyo. Nikamwambia hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Akasema, "Halas, ni yako." Nikacheka, nikasema ahsante.

Mdogo wako,
Wambua

*

Bani Malik, Jeddah
11 Novemba 2018

Ndugu yangu Wambua,

Salamu ziwe nawe. Mgongo hauna neno, kazi ndiyo ina neno. Siku hizi matroni wetu anakuja kazini akiendesha gari mwenyewe, na anaegesha vibaya kuliko wanaume, basi tumepata cha kuongea.

Barua yako nimeisoma nikicheka, nilipofika mwisho kicheko kikakatika. Mimi nina miaka sita hapa, nisikilize. Mwaka jana nilimsifia binti wa mgonjwa bangili yake. Akaivua palepale akanipa. Nikakataa, akasisitiza. Nikakataa tena, akasisitiza. Mara ya tatu akairudisha mkononi mwake, sote tukafurahi. Ndivyo inavyokwenda. Mwenye kitu kikisifiwa lazima akitoe, na aliyesifu lazima akatae. Wewe ulikataa mara ngapi?

Mgeni na bastola, Wambua! Sisi hapa tunaishi kwa ikama, kibali cha ukaazi tu. Ukikutwa na kitu hicho utaozea ndani, na mimi sitajua hata mlango wa kubisha. Nijibu upesi.

Dada yako,
Serah

*

Malaz, Riyadh
30 Novemba 2018

Dada Serah,

U hali gani? Mimi salama. Nimekawia kujibu kwa sababu nilijua utanigombeza.

Sikukataa hata mara moja. Kwetu nani alitufundisha kumkatalia mzee? Mzee akikunyooshea kitu unapokea kwa mikono miwili na kushukuru, la sivyo baba angenizaba kofi. Nilidhani ni utani, na hata kama si utani, nilidhani nina adabu.

Kumbe hakuwa anatania. Nilimwomba ikae kwake, akakubali, iko sandukuni. Lakini ana daftari ambamo kila bastola ina ukurasa wake. Kwenye ukurasa wa ile ya Ubelgiji, wa saba, ameandika jina langu, akaniambia nitie sahihi. Nikatia.

Mwanawe Faris amerudi kutoka London. Ni mtu wa mambo mapya, anataka kumpeleka baba yake sinema, mzee anamwambia ameona vifo vya kutosha bila kukata tiketi. Faris anataka bastola zote ziandikishwe kwa leseni. Jana alikuwa analisoma lile daftari. Aliniangalia, akatabasamu, akaniuliza jina langu kamili linaandikwaje.

Mdogo wako,
Wambua

*

Bani Malik, Jeddah
3 Desemba 2018

Wambua,

Leo salamu ni fupi. Nenda kwa mzee, mwanawe akiwepo, rudisha zawadi mara tatu. Sema mara tatu, kwa sauti. Aukate ule ukurasa. Usiende shambani tena. Na ukimaliza niandikie, maana nimeshindwa kula.

Dada yako,
Serah

*

Malaz, Riyadh
15 Februari 2019

Dada yangu,

Nisamehe kimya hiki kirefu. Natumai unaendelea vizuri. Mimi si mzima sana, ingawa siumwi.

Nilirudisha kama ulivyosema. Mara ya kwanza mzee alicheka. Mara ya pili alikunja uso. Mara ya tatu aliniuliza mbele ya mwanawe, "Unanionaje, mtu wa kunyoosha mkono kisha kuurudisha?" Ukurasa ukabaki. Baada ya hapo akaanza kuugua. Alifariki tarehe 28 Januari, na mimi nililia, Serah, sikuona haya. Alinifundisha kushika pumzi kabla ya kufyatua. Mwisho nilikuwa napiga makopo manne kati ya sita.

Matanga yalipoisha Faris akafungua sanduku. Bastola zilikuwa sita. Akaniuliza ya Ubelgiji iko wapi. Nikasema sijui, na ulikuwa ukweli. Akaichukua ikama yangu, akasema anaihamishia kwenye jina lake kwa kuwa sasa yeye ndiye kafili.

Jana nilifungua sehemu ya chini ya begi langu la vifaa, ninamoweka funguo za saa kubwa. Huwa sifungui hata miezi miwili ikapita. Ilikuwamo, imefungwa kwa kitambaa cha kijani. Siku ya mwisho kumwona mzee alinituma nikamchukulie dawa jikoni, begi likabaki kando ya kitanda chake. Alitaka kunipa kabla hajaondoka.

Nifanye nini? Tangu jana nimeharibu saa mbili, na kazi yangu ni mikono.

Mdogo wako,
Wambua

*

Bani Malik, Jeddah
16 Februari 2019

Wambua wangu,

Pole kwa mzee. Alikupenda, Mungu amrehemu, na mapenzi yake yamekuwekea moto kwenye begi.

Usiitupe, watasema umeiuza. Usije nayo Jeddah, kuna ukaguzi njiani. Mtafute Hamdan, yule Mzanzibari aliyezaliwa hapo Malaz, anayeleta saa zake dukani kwenu. Kiarabu ni chake, na wanamheshimu. Umweleze yote, kisha mwende pamoja kwa Faris, ukaikabidhi mbele yake. Peke yako usiende. Nasema tena, peke yako usiende.

Dada yako,
Serah

*

Malaz, Riyadh
21 Februari 2019

Dada Serah,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mzee Hamdan yuko Madina na familia yake, anarudi Jumamosi.

Jumanne asubuhi Faris alikuja dukani. Nilimmiminia kahawa, akanywa vikombe vitatu. Alikuwa mpole kuliko siku zote. Alisema Ijumaa, yaani kesho, twende shambani, mimi na yeye tu, tukazipige zile sita kwa kumbukumbu ya baba yake. Akasema nibebe begi la vifaa, labda moja itakwama. Kuhusu ya saba hakutaja.

Najua ulichoniambia. Lakini kukaa nayo siku mbili zaidi siwezi, kila mteja akiingia nadhani ni polisi. Huko nitamkabidhi, wawili tu, bila kumwaibisha baba yake mbele ya mtu wa nje. Nafikiri hata yeye ndivyo anavyotaka. Nimeisafisha vizuri, nimetoa risasi zote, hata ile ambayo hubaki ndani ukishachomoa magazini, kile kikasha cha risasi. Mzee alinisisitizia hiyo kila mara.

Ijumaa asubuhi: gari lake limefika. Nitakuandikia nikirudi.

Mdogo wako,
Wambua

*

Jeddah, 22 Februari 2019

Nimeiona barua yako sasa hivi natoka kazini. Shuka kwenye gari hilo. Mwambie unaumwa. Nimepiga simu mara tisa.

Dada yako

*

Jeddah, 26 Februari 2019

Wambua, simu yako imezimwa. Kama umekamatwa, mwombe mtu yeyote anitumie jina la kituo. Sitakugombeza.

Dada yako

*

Bani Malik, Jeddah
5 Machi 2019

Ndugu yangu mpenzi Wambua,

Nakusalimu. Sijui u hali gani, na hili ndilo linaloniua.

Leo Mzee Hamdan amekwenda dukani kwenu. Amekuta fundi mwingine amekalia kiti chako. Faris alimpokea vizuri, akamkaribisha kahawa. Alisema hakuwa na safari yoyote nawe, kwamba ulitoroka kazi na hajui uliko, na kama mwajiri amefanya wajibu wake, ametoa taarifa. Hamdan alimwuliza kuhusu bastola za marehemu. Akasema ziko sita, zimeandikishwa zote, na baba yake hakuwahi kuwa na zaidi.

Kisha akamwonyesha karatasi ya taarifa yako ya utoro. Mzee Hamdan akanipigia kutoka nje. Amenisomea tarehe, nikamwambia asome tena, akasoma tena.

Taarifa kwamba umetoroka aliiandikisha Jumanne, tarehe 19, asubuhi. Asubuhi hiyo, Wambua, ulikuwa dukani ukimmiminia kahawa.

Kesho napanda basi la saa moja asubuhi kuja Riyadh. Nitakwenda na Mzee Hamdan polisi, kisha shambani. Nakuandikia hivi kwa sababu sina namna nyingine ya kukuita.

Dada yako,
Serah