Teke la Kwanza

Kericho, 14 Juni 1934

Shemeji Akeyo,

Natumaini wewe na watoto hamjambo. Huku mvua haiachi. Hapa gereji mwenzetu Mokaya bado anajisifu eti pikipiki anayoendesha inapanda mlima wa Sosiot vizuri kuliko zetu zote.

Jana tulimaliza kutengeneza ile ya marehemu ndugu yangu Joab. Si alikusimulia? Kila asubuhi aliipiga mateke kuiwasha, sisi tukihesabu kwa sauti, na tukifika kumi na mbili aliitukana kwa lugha yetu mpaka mzungu wa ofisi anachungulia dirishani. Jana niliipiga teke moja tu, ikawaka. Hakuna aliyecheka. Mokaya alivua kofia, akatoka nje.

Shemeji, siku ya mazishi uliniuliza ni nini kilimwangusha mumeo pale mteremkoni, nikasema ni matope. Si matope. Waya wa breki ulikuwa umeisha, naye aliniomba niubadilishe. Nilimwambia kesho. Waya mpya ulikuwa mfukoni mwangu. Hata nilipokushika mkono pale kaburini, ulikuwa bado humo.

Ni mimi shemeji yako,
Kepher